Dole Gumba la Mama Masatu

Sangara wa kilo nane alitua juu ya meza ya kioo akipigapiga mkia, na kabla hajatulia mashine iitwayo Kibashiri ilikuwa imeshajua yote yaliyomhusu. Miale myekundu ilimpitia kuanzia mdomoni hadi mkiani. Macho-joto sita yaliyoning'inia darini yalisoma joto la ngozi yake, sikio-mwangwi likapima unene wa nyama mpaka kwenye uti wa mgongo, na mizani iliyofichwa chini ya kioo ikatoa uzito. Kisha sauti tulivu, isiyo ya kike wala ya kiume, ikatangaza ukumbini:

"Dakika mia mbili na kumi na mbili."

Mkono-chuma ulimwinua yule sangara na kumtumbukiza katika pipa la uji wa barafu. Taa ya manjano ikawaka juu ya pipa. Ingegeuka kijani baada ya dakika mia mbili na kumi na mbili, si moja zaidi, na hapo ingehesabiwa kwamba baridi imefika kwenye kiini cha samaki, pale karibu na mfupa ambapo joto hujificha mwisho.

Wageni walipiga makofi. Nyuma yao alisimama Nyangeta Mafuru, mhandisi wa joto, miaka thelathini na mmoja, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa amekisikia Kibashiri kikitamka dakika zake maelfu ya mara, na bado kila mara mwili ulimsisimka, kama mzazi anayemsikia mwanawe akisoma risala mbele ya shule nzima. Hata jina alikipa yeye. Watu wa mauzo walitaka kukiita kwa herufi tatu kubwa za kigeni; Nyangeta akagoma. "Kazi yake ni kubashiri, basi kiitwe Kibashiri," aliwaambia. "Lugha tunayo. Ya nini kwenda kuazima?"

Nansio wa siku hizo haukuwa tena mji mdogo wa kisiwani. Tangu Kamba ya Anga itiwe nanga ziwani, penye mstari wa ikweta, kisiwa cha Ukerewe kilikuwa kimeota maghorofa kama mahindi. Kamba yenyewe ilionekana kutoka kila dirisha: uzi mweusi uliotoka majini na kupanda hadi jicho likashindwa kuufuata. Juu yake mabehewa yalipanda usiku na mchana, moja kila baada ya dakika mia mbili na arobaini, yakipeleka watu, vyuma na chakula kwenye Kituo cha Juu, ambako watu elfu kumi na moja waliishi na kufanya kazi bila ardhi chini ya miguu yao. Watu hao walikuwa wamechoka kula nyama ya maabara. Walitaka samaki wa kweli, mwenye mifupa.

Tatizo lilikuwa moja. Safari ya kupanda ilichukua siku sita, na behewa liliweza kutunza baridi lakini si kuiongeza, maana nguvu yake yote iliishia kwenye kupanda. Samaki aliyeingia na joto moyoni alipanda nalo, na siku ya sita alifika ameoza kwa ndani huku ngozi yake inang'aa kama ya harusini. Kwa hiyo ilibidi ijulikane, kwa kila samaki, atapoa lini. Si jambo jepesi. Samaki akinenepa mara mbili, muda wake hauongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Mwenye mafuta hupoa polepole. Aliyepigana sana na wavu huja na joto la hasira yake mwenyewe. Kumchoma sindano ya kupimia hakukuruhusiwa, kwa sababu tundu moja dogo linatosha kuingiza vijidudu, na watu wa Juu hawakupokea samaki mwenye tundu.

Ndipo Nyangeta alipokwenda kwa Mama Masatu.

Mama Masatu alikuwa mpanga samaki kwa miaka arobaini. Jina lake la ubatizo wengi hawakulijua. Aliitwa kwa mwanawe wa kwanza, Masatu, ambaye sasa alikuwa mchomelea vyuma kule kwenye Kituo cha Juu. Alikuwa na dole gumba la mkono wa kulia lililopinda kidogo, gumu kama pembe. Alilipitisha kwenye shavu la samaki, akalisukuma ndani hadi likagusa mfupa, akafumba macho, na kusema neno moja kati ya mawili. "Bado." Au "Poa." Nyangeta alijaribu kumkosoa kwa samaki mia wa majaribio ambao baadaye walichomwa sindano. Mama Masatu alikosea kwa wawili tu, na kwa mmoja wao alibisha kwamba sindano ndiyo iliyokosea. Sindano ilipokaguliwa, ikaonekana kweli ni mbovu.

"Utanifundishia mashine yangu, mama?" Nyangeta alimwuliza.

"Ikishajua, mimi nitakwenda wapi?"

"Utakaa kwenye kiti, unywe chai, uisikilize ikisema ulichoifundisha."

Mama Masatu alicheka hadi akajishika kiuno. "Kiti! Haya, nivishe hiyo pete yako."

Kwa miaka miwili alivaa pete-hisia kwenye dole lile. Pete iliandika kila lilipogusa nyama, na sikio dogo lililofungwa mezani likaandika neno lililofuata. Kutokana na maneno yale, bado na poa, bado na poa, Kibashiri kilijifunza.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, nacho Nyangeta alikigundua wiki ya kwanza. Mama Masatu hakupenda kuamkiwa shikamoo. "Shikamoo zenu pelekeni kanisani," alikuwa akiwaambia vijana wa mabarafu. "Hapa mezani mimi si bibi wa mtu. Niulizeni mambo." Basi kila aliyepita alimwuliza, "Mambo, mama?" naye akajibu kwa sauti iliyofika hadi gatini, "Poa!" Neno hilo lilikuwa la vijana zamani, likazeeka pamoja nao, sasa likawa la bibi zao. Na sikio la mezani, lisilojua salamu wala samaki, liliandika: amepoa.

Nyangeta alitengeneza chujio. Lilihesabu tu poa iliyosemwa wakati pete inagusa nyama. Poa nyingine zote lilizitupa. Alilionyesha kwa Magesa Chirangi, mkuu wa uendeshaji, ambaye walisoma naye chuo kimoja na kulala njaa chumba jirani. Magesa aliona mfano wa zile poa za salamu, akacheka hadi machozi.

"Dada, bila chujio hili tungewapelekea watu wa Juu samaki wanaochemka!"

Hayo yalikuwa maneno yake.

*

Wageni walikuwa bado wanapiga picha Magesa alipoingia ukumbini akitembea haraka, suti yake imefungwa vifungo visivyolingana. Alimshika Nyangeta kiwiko, akamvuta kando.

"Watu kumi na tisa wameugua Juu. Tumbo. Wote walikula sangara wetu wa behewa la Jumanne."

Nyangeta aliwapa mgongo wageni. "Wako vipi?"

"Kumi na wanane watapona. Mmoja alikuwa nje ya kituo, anachomelea, amevaa kofia ya anga. Tumbo likamgeuka ndani ya kofia." Magesa alisita. "Alitapika, akavuta matapishi yake mwenyewe mapafuni. Bado anapumua kwa mashine. Ni Masatu."

Nyuma yao Kibashiri kilitangaza kwa utulivu, "Dakika mia moja na tisini na nane," na wageni wakapiga makofi tena.

Kesho yake asubuhi, kampuni ya Baridi ya Juu ilibandika tangazo langoni. Kibashiri kilikuwa salama, tangazo lilisema. Mashine haiwezi kujua zaidi ya ilichofundishwa, na uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba mwalimu wake, mpanga samaki mwenye umri wa miaka sitini na tatu, huenda alikuwa amepoteza hisia za kidole. Angesimamishwa hadi baraza likae Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mama Masatu alikuwa amesimama mbele ya tangazo hilo, buti za mpira miguuni, aproni imekunjwa kwapani. Mlinzi alimzuia kupita, akitazama pembeni kwa aibu. Nyangeta alimkimbilia.

"Mambo, mama?"

Mama Masatu aligeuka polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini makavu.

"Nisalimie vizuri."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mhandisi." Aliinua dole lake lililopinda. "Wanasema hili limemlisha mwanangu sumu. Nimewasikia. Sasa nataka kukusikia wewe, uliyelivalisha pete. Wewe unasemaje?"

Jibu lilikuwa jepesi. Lilikuwa neno moja, "hapana", na Nyangeta alilijua. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo alikuwa hajavitazama.

"Sijui bado, mama. Acha niangalie kwanza."

Mama Masatu alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa alichotegemea. "Miaka miwili umekaa na mimi mezani. Umekula ugali nyumbani kwangu. Na bado unahitaji kuangalia." Akaondoka, buti zake zikipiga lami, kwap, kwap, kwap, bila kugeuka nyuma.

*

Nyangeta alijifungia katika chumba cha kumbukumbu siku nzima. Aliita mafunzo yote ya Kibashiri, maneno elfu arobaini ya Mama Masatu, na kuyapanga kwa siku. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshaona kitu kisicho na maana. Samaki namba mia nne na sita, kilo saba na nusu: amepoa, dakika sabini. Samaki wa kilo saba na nusu hawezi kupoa kwa dakika sabini hata ukimpeleka mwezini. Namba mia nne na kumi na moja: dakika hamsini na tano. Mia nne na thelathini: dakika ishirini.

Akasikiliza sauti ya namba mia nne na sita.

Zilikuwa salamu. Zote zilikuwa salamu. Maelfu ya poa zilizotupwa zilikuwa zimerudishwa, zikachanganywa na zile za kweli, na kila moja ilikuwa imeivuta hesabu chini kidogo, na chini tena, hadi sangara aliyehitaji dakika mia mbili na tisini akapewa mia mbili na kumi na mbili. Kwa miezi minane hakuna aliyeona, kwa kuwa msimu wa wakubwa ulikuwa umekwisha, na samaki waliokuwa wakivuliwa walikuwa wadogo na walipoa mapema hata hivyo. Wadogo walilificha kosa. Mwezi huu walipoanza kuja tena wakubwa, kosa likatoka nje.

Chujio halikuharibika. Lilikuwa limeondolewa. Kumbukumbu ilitaja aliyeagiza: M. Chirangi. Ilitaja siku: tarehe kumi na saba Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Na kwa kuwa hakuna badiliko lililopita bila ridhaa ya mbunifu, ilitaja aliyeridhia, kwa saini ya sauti: N. Mafuru.

Tarehe kumi na saba Machi Nyangeta alimzika baba yake.

Alikumbuka vizuri. Walikuwa wametoka makaburini. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga kichwani, na wanawake wa mezani wakiongozwa na Mama Masatu walikuwa nyuma ya nyumba wakipika chakula cha waombolezaji. Magesa alikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba jeneza. Alikuja, akachuchumaa mbele yake, akampa pole, akamwambia jambo kuhusu usafi fulani wa maneno, kitu kidogo, kisingoje, samahani kukusumbua siku kama hii. Akanyoosha simu. Mikono yake ilikuwa bado na udongo wa kaburi.

Nyangeta alibonyeza sauti ili ajisikie mwenyewe. Nyuma kulikuwa na kwikwi za shangazi yake na sufuria zikigongana. Kisha sauti yake, nzito kwa kilio:

"Fanya tu, Magesa. Nakuamini."

*

Alimkuta ofisini, dirisha lake likitazama Kamba. Magesa alipoona uso wake hakujifanya. Alisukuma kiti mbele.

"Kaa, dada."

"Usiniite dada. Ulichagua siku."

"Nyangeta..."

"Ungeweza kunijia Jumatatu, nikiwa na akili zangu. Ningekataa, na ulijua. Ukangoja nikalie mkeka. Ulimbeba baba yangu begani, Magesa, huku mfukoni una simu ya kunirekodi!"

Magesa alitazama mikono yake. "Chujio likiwepo, kila sangara mkubwa alipitisha dakika mia mbili na arobaini. Anakosa behewa lake, anangoja la pili, nafasi haipo. Kampuni ya ng'ambo ya ziwa ilikuwa inaichukua kazi. Watu mia sita hapa wangerudi majumbani. Nikafikiri, tofauti ya dakika chache, baridi ya behewa itamalizia."

"Behewa haliongezi baridi. Hilo tulilisoma mwaka wa kwanza. Wewe ndiye uliyekuwa unanifundisha!"

Magesa alishusha sauti, ile sauti aliyoitumia zamani kumshawishi waazime kitabu wasichokirudisha.

"Sikiliza. Mama Masatu ana miaka sitini na tatu. Atastaafu kwa heshima, tutamfanyia sherehe, hakuna atakayemfunga. Kidole kuzeeka si aibu. Lakini ukilitaja chujio Ijumaa, itasikika sauti yako, si yangu. Saini ni ya kwako. Mtu wa kwanza kuvuliwa uhandisi ni wewe. Mimi nakulinda."

Nyangeta alimwangalia kwa makini, kama anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kumjua. Hivi ndivyo anavyopakwa mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, aliwaza. Hata sasa alikuwa anampaka.

"Mama Masatu amwuguze mwanawe akijua kwamba ni yeye aliyemwua nusu," alisema. "Hiyo ndiyo heshima?"

Aliacha mlango wazi.

*

Baraza lilikaa Ijumaa saa nne asubuhi, katika ukumbi uleule wa Kibashiri. Mwenyekiti alikuwa ameshuka toka Kituo cha Juu, mama mmoja mwembamba aliyekuwa hajakanyaga ardhi kwa miaka tisa. Miguu yake ilifungwa vyuma vya kumsaidia kubeba uzito wake mwenyewe, na kila alipopumua ilionekana ni kazi. Magesa aliketi kulia kwake. Mama Masatu aliketi peke yake kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi. Ndicho kiti alichoahidiwa.

Nyangeta aliomba kuanza. Aliagiza samaki watatu watolewe kwenye mapipa, waliotumbukizwa kwa nyakati tofauti ambazo hakuna aliyezijua isipokuwa karani.

"Mama, naomba utusaidie."

Mama Masatu hakumtazama. Lakini aliona samaki, na mikono yake haikuweza kukataa. Alikunja mkono wa gauni, akapitisha dole kwenye shavu la wa kwanza, akafumba macho.

"Bado."

Sindano ya baraza ikachoma: nyuzi tisa. Mama Masatu akahamia kwa wa pili.

"Huyu bado kabisa. Nani kamtoa huyu, ana haraka ya kwenda wapi?" Watu wakacheka kidogo. Sindano: nyuzi kumi na sita. Kwa wa tatu alikawia, akageuza dole ndani ya shavu. "Poa." Sindano: nyuzi moja.

"Kidole kinasikia," alisema mwenyekiti polepole.

"Kinasikia kuliko macho-joto yangu sita," alisema Nyangeta. "Sasa naomba msikie Kibashiri kilifundishwa nini."

Akafungulia sauti ya namba mia nne na sita. Ukumbi ukajaa kelele za meza ya samaki, maji, koleo, barafu ikimwagwa. Sauti ya mpakizi mmoja ikapiga kelele kutoka mbali:

"Mambo, mama mkwe!"

"Poa! Mkeo anajua unakuja kuposa huku?"

Kicheko cha wanawake. Na juu yake, kwa utulivu, Kibashiri: "Samaki namba mia nne na sita. Amepoa. Dakika sabini."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Hata mwenyekiti alitabasamu. Yule mpakizi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijificha uso kwa kofia. Nyangeta akafungulia nyingine. "Mambo, mama?" "Poa!" Amepoa. Nyingine. Amepoa. Nyingine. Kicheko kikapungua, kikawa minong'ono, kikaisha. Kila mmoja alikuwa ameelewa kwamba salamu zao, zile za kila siku, zilizopigwa kwa upendo, zilipanda behewa hadi tumboni mwa Masatu.

Mama Masatu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kulikuwa na chujio la kuzuia hili," Nyangeta aliendelea. "Liliondolewa tarehe kumi na saba Machi kwa agizo la Bwana Magesa Chirangi. Na liliondolewa kwa ridhaa yangu. Sikuuliza ni nini kinachoondolewa. Sikuangalia. Mama huyu aliponiuliza kama namwamini, nilimwambia nataka kuangalia kwanza. Bwana huyu aliponiomba ridhaa, sikuangalia hata kidogo."

Akabonyeza. Kwikwi za shangazi yake. Sufuria. Na nyuma kabisa ya sufuria zile, kitu ambacho hakuwa amekisikia mara ya kwanza: sauti ya Mama Masatu jikoni, ikiwahimiza wenzake wamwekee Nyangeta uji, hajala tangu jana. Halafu: "Fanya tu, Magesa. Nakuamini."

Magesa aliinuka kusema kitu. Mwenyekiti aliinua mkono uliotetemeka kwa uzito wake, naye akakaa.

*

Magesa aliondolewa kazini siku hiyohiyo, akahamia bara. Nyangeta alivuliwa leseni ya uhandisi kwa miaka mitano. Kibashiri kilizimwa, na kampuni ilipomwomba Mama Masatu akifundishe upya, kwa pete mpya na chujio jipya, alijibu kwamba pete moja inamtosha mtu maishani, na ya ndoa anayo.

Basi samaki walirudi kungoja dole. Mabehewa mengine yalipanda bila sangara, na watu wa Juu, waliojua sasa sababu, hawakulalamika. Masatu alishushwa mwezi wa pili baada ya baraza. Mapafu yake hayakumruhusu kupanda tena, wala kupanda hata ngazi bila kupumzika katikati. Asubuhi mama yake alimleta akae juani kando ya ghala, blanketi magotini, awatazame wakifanya kazi.

Nyangeta aliomba kazi ya koleo. Msimamizi alidhani anatania. Hakuwa anatania, na kwa kuwa watu wa barafu walikuwa wachache, akapewa buti na aproni, na sehemu yake ikawa pipa la tatu, hatua sita kutoka meza ya Mama Masatu. Kila asubuhi alisema, "Shikamoo, mama," na kila asubuhi akajibiwa, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. Wengine walipita wakiuliza mambo, nao wakajibiwa poa ileile ya kufika gatini. Yeye hakuthubutu. Alijifunza mambo ambayo macho-joto hayakuwahi kumfundisha: kwamba barafu ikizeeka hubadilisha mlio chini ya koleo, kwamba samaki akilazwa kwa tumbo hupoa kwa kinyongo.

Wiki ya kumi na moja, siku ya Alhamisi, aliletwa sangara mmoja mkubwa mno, kilo ishirini na tatu, akalala mezani kama mtoto wa ng'ombe. Mama Masatu alivuta kiti, akapitisha dole, akangoja. Nyangeta alikuja na koleo lake, akasimama upande wa pili wa meza. Masatu aliwatazama kutoka juani. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu.

Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Mambo, mama?"

Mama Masatu hakuinua uso. Hakusema nisalimie vizuri. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na dole lake lilikuwa ndani kabisa, kwenye mfupa, pale ambapo joto hujificha mwisho.

"Bado," alisema.

Nyangeta hakuuliza ni nani aliyejibiwa, yeye au samaki. Alichota barafu, akaimwaga taratibu ubavuni mwa yule sangara, akarudi kwenye pipa kuchota nyingine.